Nilicheka ubatizo wa rafiki yangu

Wasee, wiki jana nilifuta video iliyonipa laiki nyingi kuliko zote nimewahi kuposti. Nilishika kijiko cha maji, nikajimwagia kwenye paji la uso, nikasema, "Hongera, umebatizwa!" Watu walicheka sana. Mimi nilizamishwa mzima mzima mtoni nikiwa na akili zangu, na bado naamini ubatizo ni huo.

Sasa fikiria tuko Bangale, mahali mtungi wa maji ni hesabu, na sisi tunagombania maji ya ubatizo yawe kiasi gani. Na Wakristo wenyewe huku ni wachache, majirani wetu wengi ni Waislamu. Mtu akifiwa, hakuna anayekuuliza ulibatizwaje kabla hujashika jeneza.

Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la sita, alibatizwa akiwa mtoto mchanga. Hakukomenti. Alinitumia picha moja tu: mamake, marehemu sasa, amembeba mbele ya kanisa siku hiyo ya ubatizo. Chini akaandika, "Hii ndiyo picha pekee niko na mama."

Manze, sikulala. Nikaanza kusoma kama wengine waliwahi kukosana hivi, nikapata hii vita si ya leo. Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja. Mwishoni, Waanglikana na watu wa makanisa mengine wakashiriki meza moja ya Bwana, tena ndani ya kanisa la Waskoti. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ati uzushi! Kelele zikafika Uingereza. Lakini mwaka wa 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, huyo huyo Weston alikuwa kati ya waliosukuma wito wa umoja kwa Wakristo wote. Na si ati alikuwa amelegeza msimamo wake kuhusu kanisa. Hapo alinibamba.

Nikaenda kwao. Msamaha wa meseji ni rahisi sana. Nikamwambia ubatizo wa watoto bado sikubaliani nao, mtu aamini kwanza, lakini ile ya kijiko ilikuwa utoto na nimemkosea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani wewe ulimpenda mamako kabla akupende?" Nilikwama. Baadaye nikamrudishia kwamba kupendwa ni kitu kimoja na kuitika ni kingine. Akasema hapo nina pointi.

Sasa tunatengeneza video nyingine. Mimi naeleza imani ya kanisa lake, yeye anaeleza ya langu, na hakuna kuposti mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini." Yeye alifaulu mara ya kwanza. Mimi amenikatalia mara mbili. Jumamosi tunarudia.