Gemu bila kurudi nyuma: uliza kwanza ukishindwa unabaki na nini

Leo tuweke mbolea pembeni kidogo. Jioni kazi ikiisha huwa nacheza gemu ya kompyuta iitwayo Baldur's Gate, iliyotoka mwaka 1998. Unakuwa kijana ambaye mlezi wake ameuawa usiku, unaingia porini na kutafuta wenzako njiani. Kama hujawahi kushika gemu, nifuate taratibu tu.

Kwa kawaida mchezaji anahifadhi alipofika. Akifa, anarudi pale pale kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini wapo tunaojiwekea sharti la kutorudi: ukifa, unaanza upya kabisa. Naipenda hiyo kwa sababu msimu wa mahindi nao hauhifadhiwi.

Sharti hilo linabadilisha hesabu. Mwenye njia ya kurudi anauliza, nikishinda napata nini? Wewe usiye nayo uliza kwanza, nikishindwa nabaki na nini?

Tenganisha hasara zako. Mwenzako akiuawa, unampeleka hekaluni, unalipa dhahabu, anafufuliwa. Inauma mfukoni, basi. Ila mhusika wako mkuu akifa, hata wenzake watano wakiwa wamesimama, mchezo umeisha. Kuku wako kumi wakifa kwa mdondo, hiyo ni hasara ya hekaluni. Kuweka shamba rehani ili ujaze lori la nyanya ambazo hujui bei yake sokoni, hapo unamtanguliza mhusika mkuu. Mchawi anayeanza ana uhai wa pointi 4 hadi 6, mbwa mwitu mmoja anamtosha. Huyo akae nyuma.

Wengi hufia mlangoni, si kwa mazimwi. Kwenye ngazi za nyumba ya wageni ya Friendly Arm anasimama mtu anayekusemesha vizuri, kumbe ni muuaji wa kukodiwa, naye ni mchawi. Ukifika peke yako umechoka, umekwisha. Fika na wenzako wenye pinde, maana mshale ukimpata kabla hajamaliza kusoma uchawi wake, uchawi unaharibika.

Sasa usinielewe kwamba nakufundisha woga. Mashariki ya mji wa Beregost kuna basiliski, mijusi wanaokugeuza jiwe kwa macho. Basiliski mkubwa mmoja anatoa alama 7,000 za uzoefu, wakati mchawi anahitaji 2,500 tu kupanda kiwango cha pili. Na kinga yake ni uchawi wa kiwango cha chini kabisa! Hatari unayoijua kwa jina, na kinga yake unayo mkononi, ndiyo biashara nzuri kuliko zote. Ila kinga ina muda wake. Ikikaribia kuisha ondoka, hata kama amebaki mmoja tu.

Na dawa ya mwisho ya kuponya usiinywe ili uendelee kupigana. Hiyo ni ya kukimbilia. Mimi nikibaki na moja tu, narudi mjini. Mbegu nayo ni hivyo hivyo: mvua ya kwanza ikinyesha usimwage yote, bakiza ya kurudishia kama jua litakaza.

Mchawi wangu sasa yuko Nashkel, nje ya mgodi. Chini humo kuna kobold wenye mishale ya moto. Ana dawa nne na wenzake watano, na kesho jioni anashuka.