Matayarisho ya Safari Ndefu

Mashindano ya motokaa ni ya namna mbili. Yako mashindano mafupi, ambayo huanza asubuhi na kwisha kabla jua halijazama, na mshindi wake ni yule aliye mwepesi kupita wenziwe. Yako na mashindano marefu, ambayo humchukua mtu mchana na usiku kwa siku kadha wa kadha, na mshindi wake, mara nyingi, ni yule ambaye chombo chake kilikataa kufa. Mimi nilikulia katika namna ya kwanza. Kwa miaka sita nilishindana katika mbio za kilabu, za siku moja, nikapata vikombe viwili vidogo, na sifa ndogo kuliko vikombe. Mwaka 1985, siku za Pasaka, ndipo nilipoingia mara ya kwanza katika namna ya pili, nayo ni Safari. Katika karatasi hizi nataka kueleza habari za matayarisho tu. Habari za mashindano yenyewe zimekwisha kuelezwa na watu waliokuwa mbele yangu, na kwa hakika wengi walikuwa mbele yangu.

Kwa msomaji aliyezaliwa baada ya siku hizo, yafaa niseme neno juu ya Safari. Ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ikapita katika nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa mashindano ya Pasaka, wakati ambapo mvua za masika huanza, na tangu hapo mvua ilikuwa mshindani asiyeandikwa katika orodha. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika mwisho 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tena; na jambo la ajabu ni kuwa washindi wa miaka yote miwili walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika motokaa ya aina ile ile, Peugeot 404. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, aliingia Safari mara 22 akafika mwisho mara 19. Watu husifu ushindi wake wa mara tatu. Mimi naona hesabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Wakati wangu Safari ilikuwa imekwisha kuwa ya Kenya peke yake, na urefu wake ulikuwa karibu kilometa 5,000. Barabara hazikufungwa. Dereva alipewa saa ya kuondoka katika kituo kimoja na saa ya kufika katika kituo cha pili, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa juu yake kama deni. Katikati ya vituo hivyo ilikuwamo dunia nzima: mabasi, malori ya mkaa, punda, ng'ombe waendao kunywa maji, watoto watokao shule. Nasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonipa taabu kuliko injini.

Motokaa yetu ilikuwa Datsun 160J, ya aina aliyoendesha Shekhar Mehta alipoishinda Safari mwaka 1979 na 1980. Lakini ya kwetu ilikuwa imepita katika mikono mitatu kabla haijatufikia. Tuliinunua watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye kazi yake ilikuwa kunisomea kitabu cha njia. Mimi nilitoa akiba yangu. Yeye aliuza kipande cha shamba la minazi alichorithi kwa babu yake. Hatukuwa na motokaa ya pili wala fedha ya kununua ya pili, na mwenzangu hakuwa na shamba la pili.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Mombasa aliyekwisha kuhudumia motokaa za Safari tangu zamani za nchi tatu. Aliivua Datsun yetu mpaka ikabaki ganda, kisha akachomelea tena kila mahali ambapo bati lilikutana na bati, kwa sababu kiwanda hushona kwa nukta na barabara mbaya hufumua nukta. Chini ya injini alifunga bamba nene la chuma. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ili motokaa ivuke mto bila ya injini kunywa maji. Nyuma, juu ya bampa, aliweka vikanyagio viwili na vishikio viwili. Motokaa ikikwama katika udongo mweusi, mwenzangu alipaswa kusimama huko nyuma na kurukaruka kama mtoto juu ya kitanda, ili uzito wake uyape magurudumu nguvu ya kushika. Mwenzangu, aliyekuwa karani mwenye heshima zake, alivitazama vikanyagio vile kwa muda mrefu pasipo kusema kitu.

Siku moja fundi alitandika turubai sakafuni akaniamuru nipange juu yake kila kitu nilichotaka kuchukua. Nikapanga mipira miwili ya akiba, jeki mbili, ekseli, ukanda wa feni, plagi, kamba, koleo, spana za kila saizi, makopo ya mafuta, chakula, mablanketi, na vitu vingine ambavyo sasa naona haya kuvitaja. Akaleta mizani ya magunia. Uzito ukatoka kilo 94.

"Hii ekseli," akasema, "ikivunjika usiku, utaifunga wewe au utangoja gari la msaada?"

"Nitangoja gari la msaada, mzee."

"Basi ikae katika gari la msaada. Toa."

Tukaenda hivyo kitu kwa kitu. Kila mara swali lilikuwa lile lile, na mara nyingi jibu lilikuwa lile lile. Tuliishia kilo 51. Nilipolalamika juu ya mablanketi alinijibu kuwa katika Safari mwenye nafasi ya kujifunika ni yule aliyekwisha kushindwa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la usiku. Alitutuma tuendeshe mchana kutwa, hata nje ya haja, ili turudi tumechoka. Kisha saa nane za usiku alikuja kutugongea mlango, akatutaka tubadili gurudumu gizani bila ya tochi, na baada ya gurudumu, ukanda wa feni. Mara ya kwanza gurudumu lilituchukua zaidi ya dakika nne, na nati moja ilipotea majanini. Nilimwuliza kwa nini tusijifunze asubuhi, tukiwa na akili zetu. Akasema, "Mwanangu, mtu aliyechoka hana akili, ana mazoea tu. Mimi sikufundishi wewe wa asubuhi. Namfundisha yule wa saa nane."

Maneno yale niliyasikia kama maneno ya magurudumu tu. Baadaye niliona kuwa ndiyo matayarisho yote. Katika mbio fupi dereva huamua pale pale, na akili yake ni nzima. Katika mbio ndefu yule atakayeshika usukani siku ya tatu si mtu wa kuaminiwa: macho yake huona miti inayotembea, na hasira yake iko karibu. Kila jambo kubwa litakalomkabili lazima awe ameamuliwa na mtu mwingine, naye ni yeye mwenyewe alipokuwa ameshiba usingizi.

Habari za chakula na mwili ni fupi. Tulijifunza kula kidogo kidogo, viazi vya kuchemsha na tende, na kunywa maji yenye chumvi na sukari kabla kiu haijaja. Tulijifunza pia kulala kwa amri, dakika ishirini, tukiwa tumeketi. Mwenzangu alikuwa hodari wa hili hata kazini kwake walilalamika.

Mwezi wa Februari na wa Machi tulizunguka katika pikapu kuukuu tukiandika kitabu cha njia. Kila kona ilipewa namba kwa ukali wake, kila daraja na kila shimo alama yake. Washindani wengi waliandika kwa Kiingereza. Sisi tuliona kuwa mtu huogopa kwa lugha ya mama yake, basi na aonywe kwa lugha hiyo. Mwenzangu hakupenda neno "kulia" kwa upande, alisema halimwonyi mtu bali humbashiria. Akachukua neno la wazee, "kuume". Tuliona faida yake mara moja: kelele ya injini humeza silabi ya kwanza, na kinachobaki, "ume" na "shoto", havifanani hata kidogo.

Sasa nafika katika jambo lililotugombanisha.

Kulikuwa na kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, ambapo barabara ilinyoka kilometa mbili nzima, pana na kavu, baada ya mwendo mrefu wa kona na mawe. Tulipita hapo Jumanne. Palikuwa na mbuzi na maduka matatu yaliyofungwa. Mwenzangu akaandika: nyoofu, kilometa mbili, mguu mpaka chini. Tulipopita mara ya pili ilikuwa Jumamosi, na kijiji hakikuwa kile. Kilikuwa soko. Watu walijaa pande zote mbili, wake kwa waume, na baiskeli, na mikungu ya ndizi iliyopangwa mpaka ukingoni mwa barabara. Tulipiga hesabu ya saa zetu tukaona kwamba katika mashindano tutapita hapo Jumamosi, karibu na saa tano za asubuhi.

Nilisema tuandike upya. Mwenzangu alikataa, na hoja zake hazikuwa hoja za mtu mwovu. Alisema watu wa hapo wanaijua Safari kabla hatujazaliwa katika mchezo huu, watasimama kando wakingoja kuona, askari watakuwapo, kila motokaa nyingine itapita kwa nguvu zake zote. Akachukua kalamu akanionyesha. Kwa mwendo wa 140 kwa saa, kilometa mbili ni sekunde 51. Kwa mwendo wa 50, ni sekunde 144. "Unanitaka nimtupie mtu dakika moja na nusu," akasema, "na dakika hiyo nimeinunua kwa minazi ya babu yangu." Hesabu yake ilikuwa sawa.

Tuliingia katika duka moja kunywa chai, na mwenye duka, mzee mwenye kofia, alikuwa amesikia ugomvi wetu, kwa maana tuligombana kwa sauti. Nilimwuliza kama ni kweli watu hukaa kando Safari inapopita. Akasema ni kweli. Motokaa ya kwanza husikika kutoka mbali na watoto wote hushikwa mikono. Ya pili vivyo hivyo, na ya kumi. "Lakini ninyi wa nyuma," akasema, "mnakuja mmoja mmoja, wakati watu wamechoka kungoja. Hapo kila mtu huvuka kwenda kumwamkia jamaa yake ng'ambo, kwa kuwa hudhani mmekwisha."

Jambo hili sikuwa nimelisikia kwa dereva yeyote, na nadhani madereva wa mbele hawakuwa na njia ya kulijua. Wao huona umati uliosimama imara kama ukuta. Mshindani mpya, mwenye namba ya nyuma, huukuta umati ule ule ukiwa umegeuka kuwa soko tena.

Mwenzangu hakusema neno njiani. Siku tatu alinisomea kona na mashimo, na nje ya kona na mashimo hakunena nami. Siku ya nne aliniletea kitabu. Kitabu chote kiliandikwa kwa risasi, ili kifutike. Ukurasa ule aliuandika kwa wino: gia ya pili, taa, honi, mwanzo wa maduka mpaka mwembe. Chini yake aliandika "dakika 1½", akaizungushia duara. Sharti lake lilikuwa dakika hiyo ipatikane mahali pengine kabla ya Pasaka. Tukarudi kwa fundi. Mwisho wa Machi tulikuwa tukibadili gurudumu gizani kwa dakika mbili na nusu, na mwenzangu akafuta duara lake, ingawa hapana aliyetuahidi kuwa tutapata pancha.

Mgeni mwingine wa mwaka ule alikuwa Juha Kankkunen wa Ufini. Naye pia aliingia Safari mara ya kwanza, katika Toyota Celica, akashinda. Kwa hiyo sithubutu kusema kwamba ugeni ni udhuru. Safari ya siku hizi, iliyorudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, hukimbiwa katika njia zilizofungwa, na mwaka huo kilometa zilizopimwa kwa saa zilikuwa kama 320 tu. Wazee wenzangu huicheka kuwa ni fupi. Mimi nikiona kamba imefungwa na watu wako nyuma yake siwezi kucheka pamoja nao.

Kama msomaji anataka kujua, kijiji kile tulikipita Jumamosi kwa gia ya pili, na hapana lililotokea. Wanawake wawili walivuka mbele yetu kwa mwendo wao, na vijana waliokuwa chini ya mwembe walituzomea.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka motokaa ilikaguliwa, ikafungiwa uwanjani pamoja na nyingine, na haikuruhusiwa kuguswa tena na mkono wetu. Fundi aliuzunguka uzio mara mbili, akaniomba funguo za pikapu, akaenda zake kuwahi gari la msaada. Mimi nilikwenda kulala saa mbili za usiku kama nilivyofundishwa, nikalala. Mwenzangu aliketi kitandani kwake na kitabu, akisoma kwa kunong'ona, kuume, kushoto, kuume.