Daktari, Imefika Wapi?

Kwa miaka 22 niliendesha matatu kati ya Kitale na Bungoma, na kwa karibu miaka hiyo yote sigara haikunitoka mdomoni. Asubuhi moja ya Aprili, nikiwa chooni kwenye stendi ya Bungoma huku gari likisubiri abiria, mkojo ulitoka mwekundu kama strungi. Sikusikia maumivu yoyote. Kwa sababu haukuniuma, nikajiambia ni joto na kukosa maji.

Damu ilirudi. Zahanati moja ikanipa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Ikakatika, nikafurahi, kisha ikarudi tena. Nikapewa dawa nyingine. Miezi minne ikaenda hivyo, hadi mke wangu aliponiambia, "Baba watoto, gari likitoa moshi mweusi unaliegesha siku hiyo hiyo. Mwili wako je?"

Nikaenda kupigwa picha, nayo ikaonyesha uvimbe ndani ya kibofu. Nililazwa katika hospitali moja, daktari akapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kuukwangua. Nilikabidhiwa kichupa chenye vipande vya nyama vikielea kwenye dawa, nikipeleke maabara mwenyewe. Nilikishika kwa mikono miwili kutoka Kitale, tukapita Moi's Bridge na Soy, hadi Eldoret. Abiria aliyekaa kando yangu hakujua kwamba nimebeba hukumu yangu.

Majibu yalisema ni saratani, seli za daraja la juu, na imepenya utando wa ndani. Mstari wa mwisho ulisema misuli ya kibofu haikuonekana kwenye sampuli. Nilipumua, nikidhani maana yake misuli haijaguswa.

Daktari bingwa wa Eldoret alitikisa kichwa. Akaniuliza kuhusu sigara, akaniuliza kuhusu kichocho, kisha akachora ukuta. "Mzee, kibofu ni kama nyumba ya udongo. Ndani kuna lipu, halafu udongo, halafu fito na nguzo. Nguzo ndiyo misuli. Saratani isiyofika kwenye nguzo tunaikwangua na kuitia dawa. Ikiingia kwenye nguzo, mara nyingi inabidi kutoa kibofu kizima. Sampuli yako haikufika huko, kwa hiyo bado hatujui."

Akanieleza kwamba daraja na kina ni maswali mawili tofauti. Daraja ni tabia ya seli: za chini hukua polepole, za juu hukimbia. Kina ni mahali ilipofika. Wagonjwa karibu watatu kati ya wanne hugunduliwa kabla misuli haijaingiliwa, lakini hilo halimwambii mtu yeye yuko upande gani.

Ilibidi nikwanguliwe tena baada ya wiki tano. Tuliuza ng'ombe na magunia 12 ya mahindi, ndugu wa Bungoma wakachanga. Safari hii misuli ilikuwemo kwenye sampuli, na ilikuwa safi. Nililia mbele ya daktari kama mtoto.

Nikaanza tiba ya BCG, vijidudu vilivyodhoofishwa vya chanjo ya kifua kikuu, ile iachayo kovu mkononi. Daktari alisema ilianza kutumiwa kwa saratani hii nchini Kanada katika miaka ya 1970. Kila wiki, kwa wiki sita, ilitiwa kwenye kibofu nami nikazuia mkojo kwa saa mbili. Ilichoma, ikanipa homa, nikaimaliza. Sigara niliiacha. Sasa nachunguzwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu saratani hii hupenda kurudi.

Ndugu msomaji, ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usingoje. Na ukiambiwa ni saratani ya kibofu, muulize daktari: seli ni za daraja gani, imefika wapi, na je, misuli ilikuwemo kwenye sampuli? Swali hilo la tatu ndilo lililoniokolea kibofu.