Kisu Nilichompa Swahiba Wangu



Ndugu yangu, leo nakupa kisa changu mwenyewe. Nina swahiba wangu Makunduchi, ni msasi. Mwaka jana nilimnunulia kisu Darajani. Nilikipenda kwa mpini wake unaong'aa, makali sikuyajaribu. Nikampa, akanishukuru sana.

Siku moja nikamuuliza, kisu kikoje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sheikh, mbwa walikamata paa, nikamkuta yu hai. Nikapiga bismillahi, kisu kikakataa. Alitaabika mpaka nikaazima cha mwenzangu."

Wallahi niliona haya. Mimi ndiye ninayewasomesha watu hadithi ya Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahihi Muslim: Allah ameandika ihsani katika kila kitu, achinjaye anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Nilimfurahisha rafiki kwa mpini, nikamtesa kiumbe wa Allah kwa chuma kibutu.

Basi wewe ukimchagulia msasi kisu, tazama chuma kabla ya mpini. Kiwe kinashika makali, kisiteleze mkono ukilowa damu, na kiwe na ala yake. Na ukimkabidhi, mpe kikiwa ndani ya ala: Mtume (S.A.W.) alikataza kupeana upanga uliochomolewa.

Nimeshampelekea kingine. Hiki nimekinoa na kukijaribu mwenyewe.

Allah atusamehe, na azijaalie zawadi zetu ziwe na kheri kwa wanaozipokea na kwa viumbe vyake. Aamin.