Limeanguka au Limeangushwa?

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kila nilipofikia mada ya mnyumbuliko wa vitenzi niliandika ubaoni maneno yale yale matatu: angua, anguka, angusha. Wanafunzi waliorithi madaftari ya kaka na dada zao waliujua mfano huo kabla sijashika chaki, na nadhani walinihesabu kuwa mvivu wa kutunga mingine. Sikuwa mvivu. Maneno hayo yana kisa, na kisa chenyewe sikupata kukisimulia darasani hata mara moja.

Nilikulia Muheza, karibu na stesheni ya reli ile ambayo Wajerumani waliifikisha hapo kutoka Tanga mwaka 1896. Watu wa mbali wakisikia Muheza hufikiria machungwa, na hawakosei. Lakini machungwa yalikuwa ya mashambani, kwenye walinzi na mbwa. Sisi watoto tuliishi kwa maembe. Karibu kila nyumba ilikuwa na mwembe wake, na kila mwembe ulikuwa na sifa zake: huu sindano, ule dodo, na ule wa tatu una maembe makubwa ya kupendeza macho lakini nyuzi tupu, ukila moja unashinda kutwa ukichokonoa meno. Uliotutoa udenda kuliko yote ulikuwa wa bibi mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ulikuwa mwembe dodo, mkubwa, na kivuli chake kilifunika nyumba nzima na sehemu ya njia.

Bibi aliuza maembe yake stesheni kwa mafungu, manne manne, senti ishirini fungu. Siku za treni ungemwona anapita alfajiri na pakacha kichwani. Hilo tulilijua, maana tulimwona kwa macho yetu. Tusilolijua, au tusilotaka kulijua, ni kwamba chumvi, sukari na mafuta ya taa ya nyumba ile vilitoka katika mwembe ule, wala si kwingineko.

Neno kuiba halikuwamo katika msamiati wetu. Tulikuwa na maneno mengine. Kuchuma kulikuwa kwa wenye miti. Kuangua kulikuwa kwa watu wazima wenye upembo mrefu na subira. Letu lilikuwa kupopoa, yaani kuangusha tunda kwa kulirushia jiwe au gongo, neno ambalo hadi leo nikilisikia mkono wa kulia unawasha. Na juu ya hayo yote kulikuwa na kuokota. Kuokota kulikuwa na sheria yake: embe lililoanguka lenyewe ni la aliyeliona kwanza. Hata wazee waliikubali sheria hiyo. Bibi mwenyewe hakumfukuza mtoto aliyeinama chini ya mwembe wake asubuhi baada ya usiku wa upepo.

Ujanja wetu ukawa kuishi kati ya maneno hayo mawili. Ukirusha jiwe na embe likaja chini, kinachobaki ni kuokota tu. Ukiulizwa, jibu ni moja: "Limeanguka, Bibi."

Naye alikuwa na swali lake, daima lile lile. Alilitazama embe mkononi mwako, akatazama kikonyo chake kinachovuja utomvu mbichi, akauliza: "Limeanguka, au limeangushwa?"

Bibi hakusoma shule. Sarufi sikuanza kuisoma kwa makini mpaka nilipofika chuo cha ualimu, na ndipo nilipotambua alichokuwa akitufanyia. Kauli ya kutendwa ina nafasi ya mtendaji: limeangushwa na fulani. Anguka haina nafasi hiyo. Jaribu kusema "limeanguka na fulani". Sentensi itagoma, au itamaanisha kwamba fulani naye yuko chini pamoja na embe. Sisi tulijificha ndani ya kitenzi kimoja, na yule mama mzee alikuwa anatutoa humo kwa kukigeuza kauli.

Msimu mmoja alifunga kago. Ilikuwa chupa yenye kitambaa chekundu na vitu ambavyo hatukuthubutu kuvichungulia, imening'inizwa kwenye tawi la chini. Ilisemwa kwamba mwizi atavimba tumbo. Kwa siku mbili hatukusogea. Siku ya tatu mwenzetu tuliyemwita Komba, kwa jinsi alivyopanda miti, alitoa fatwa yake: kago humkamata mwizi, na sisi ni waokotaji. Hoja hiyo ilituridhisha wote. Nikiikumbuka sasa naona mantiki yake si mbaya kuliko nyingine nilizozisikia kwenye vikao vya watu wazima.

Mwaka 1968, nikiwa darasa la nne, tulikwenda tena, mchana, Bibi akiwa amelala. Mgawanyo wa kazi ulikuwa ule wa siku zote. Komba juu, akitikisa matawi; wavulana wengine wawili chini, wakipopoa; mimi, msichana pekee, nilisimama njiani kulinda. Kupopoa hakukuwa kazi ya wasichana, na zaidi ya hapo mimi nilikuwa binti wa mwalimu. Nilipewa maembe mabichi mawili kila mara kama ujira, nikayala kwa chumvi na pilipili nyuma ya choo, kisha nikajipaka mafuta ya nazi pembeni mwa mdomo ili alama za utomvu zisionekane. Nilichoka kulinda. Siku hiyo niliokota jiwe, nikalirusha.

Halikugusa hata jani. Lilipita kati ya matawi, likashuka upande wa pili, na nililifuata kwa macho hadi lilipotua juu ya mtungi wa maji wa Bibi uliokuwa kivulini kando ya mlango. Sauti ya mtungi wa udongo uliojaa maji unapopasuka si kubwa. Ni kama mtu mzima anaposhusha pumzi.

Tulikimbia. Nilikuwa wa kwanza kukimbia. Komba alikuwa juu ya mti, na aliye juu ya mti hana pa kukimbilia. Nikiwa nyuma ya ua wa makuti nilimsikia Bibi akitoka, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, na safari hii bila ukali: "Mtungi umevunjika, au umevunjwa?"

"Umevunjika, Bibi," Komba akasema. Kisha, sijui ni kwa nini, akajisahihisha. "Nimeuvunja mimi."

Nilisubiri aongeze jina. Hakuongeza. Nikaenda nyumbani nikafagia uwanja bila kutumwa.

Mjomba wake aliyemlea alimchapa jioni ile. Lakini hiyo haikuwa adhabu yenyewe. Ilikatwa kwamba, kwa kuwa Bibi hakuwa na chombo kingine cha maana cha kuwekea maji, Komba atamtekea kila asubuhi, debe kwa debe, mpaka Bibi apate fedha ya mtungi mwingine. Bomba lilikuwa karibu na stesheni, na foleni yake ilianza giza halijaondoka. Kwa hiyo Komba akawa anachelewa shuleni. Wachelewaji walichapwa viboko viwili mbele ya darasa, na mwalimu wa darasa letu mwaka ule alikuwa baba yangu.

Sikuhesabu ni mara ngapi. Niliketi dawati la pili kutoka mbele. Baba hakuwa mkatili. Alichapa kama alivyoandika mahudhurio, kwa utaratibu. Aliporudi nyumbani alikula, akasikiliza redio, nami nikamletea maji ya kunawa. Kila jioni nilikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi, yenye kiima changu na kitenzi cha kawaida. Msimu wa maembe ukaisha, na Bibi akapata mtungi kutoka kwa mfinyanzi, na sentensi ile ikabaki palepale.

Nilipostaafu nilirudi Muheza. Mwembe haupo, pamejengwa nyumba ya matofali. Bibi alikwisha fariki nikiwa chuoni. Komba yupo, anauza machungwa karibu na kituo cha mabasi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mteja wake. Huniita Mwalimu. Nikinunua machungwa kumi hunipa kumi na moja, nami huuliza hali ya wajukuu. Tumezungumza mara nyingi juu ya enzi zile, na yeye ndiye aliyelitaja jambo lile kwanza, akicheka, kuwaeleza vijana waliokaa hapo jinsi alivyokanyaga tawi kavu likaenda kupasua mtungi wa mama wa watu.

Ndipo nilipofahamu kwamba hakunificha. Hakujua. Kwa zaidi ya miaka hamsini aliamini kwamba ni tawi lake.

Niliondoka bila kusema neno. Nililala nayo wiki mbili. Kisha nilikwenda asubuhi, kabla ya wateja kuwa wengi, nikamwambia: halikuwa tawi, lilikuwa jiwe, na jiwe nililirusha mimi.

Alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya, ganda liliendelea kutoka utepe mmoja mrefu.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nililiona linatua."

Akakaa kimya kidogo. "Na marehemu mzee wako alijua?"

"Hakujua. Sikumwambia."

Akaitikia kwa kichwa. Basi la Tanga likaingia, wapagazi wakapiga kelele, wanawake wawili wakaja kuuliza bei, akawahudumia. Nikamwambia anipe kumi kama kawaida. Alinihesabia kumi, polepole, akatia kwenye mfuko. Kisha akahesabu chenji yangu, akanipa yote.