Kikombe cha Mate

Mama aliacha ugali kabla hatujajua anaumwa. Alikuwa anamega tonge dogo, analichovya kwenye mchuzi mpaka lilowe, halafu anasukumia kwa maji. Siku moja nikamwambia, "Mama, siku hizi unaringia ugali?" Akanyamaza. Usiku huo nilimsikia akiamka mara nne kunywa maji.

Kliniki ya kwanza walimpima sukari. Hana. Ya pili wakasema ni mawazo tu, anywe maji mengi. Ya tatu wakamng'oa meno mawili yaliyooza, wakamwambia apunguze vitu vitamu. Mama, ambaye chai yake huwa na nusu kijiko! Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa, nawaandikia watu makala mtandaoni. Kila kliniki ilikula makala tano. Nikaanza kuamini kwamba ni mawazo kweli, na kwamba hayo mawazo ni mimi.

Daktari wa nne aliuliza, "Unaweza kumeza biskuti bila kinywaji?" Kisha, "Macho yanakwaruza kama yameingia mchanga?" Mama alinitazama kana kwamba nimemwaga siri yake.

Akapewa kikombe. Dakika 15, bila kutafuna, bila kuongea, atemee humo mate yanayokuja yenyewe. Yakiwa mililita moja na nusu au chini ya hapo, basi mate yamepungua kweli. Ya Mama hayakufika hata moja. Karatasi nyembamba ikawekwa kwenye kope la chini kupima machozi. Damu ikatafutwa kingamwili ziitwazo anti-Ro. Mwisho wakakata tezi ndogo ndani ya mdomo wa chini, wakazipeleka maabara.

Ni ugonjwa wa Sjögren, jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia tezi za mate na machozi. Dawa ya kuumaliza haipo. Ipo ya kupunguza makali.

Kwenye matatu Mama alitoa majibu kwenye mkoba, akaniambia nimsomee tena pale pa mate. Nikamsomea.

"Kwa hivyo sikuwa naringa," akasema.

Nikashindwa kumjibu. Siku hizi nikipakua ugali, natangulizia maji.