Saa ya Katoni



Kila Jumamosi hapa Nakivale, Uganda, tunafundisha watoto wadogo kusoma saa ya mishale. Wengine wanatucheka: si kila mtu ana simu siku hizi? Ngoja tuwaeleze tulivyoanza.

Mama mmoja jirani yetu alipewa karatasi ya kuitwa kwenye mahojiano. Imeandikwa 2:00. Kwetu mbili ni mbili, basi akafika saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi hadi saa sita. Nyumbani aliacha mtoto mgonjwa, akarudi. Saa nane mchana jina lake likaitwa, hayupo. Akangoja miezi miwili kuitwa tena. Karatasi ilisema saa ya Kizungu, yeye akasoma saa ya Kiswahili.

Basi tukakata katoni ya sabuni, tukachora duara kwa kuzungusha sahani, tukafunga mishale miwili kwa waya. Siku ya kwanza tuliharibu. Tulianza na mishale yote miwili, watoto wakachanganyikiwa: mshale mrefu uko kwenye tatu, sisi tunasema dakika kumi na tano! Tukautoa. Wiki mbili tulibaki na mshale mfupi peke yake. Mrefu uliporudi, tuliugawa mduara kama chapati: nusu, robo, kasorobo. Kugawana chapati wanakujua vizuri sana.

Kazi ilikuwa hapa: mshale mfupi uko kwenye saba, tunasema saa moja. Mtoto wa miaka sita akauliza, "Yaya, sasa hii saa inatudanganya?" Hapana. Waswahili tunaanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, Wazungu wanaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, yaani nusu ya duara. Kwa hiyo weka kidole kwenye namba, vuka katikati, soma namba ya ng'ambo. Saba, ng'ambo yake moja. Mbili, ng'ambo yake nane. Sasa ni mchezo wao: mmoja anapiga kelele "Saba!", wengine wanajibu "Moja!"

Kuna mzee ambaye saa yake ya ukutani iko nyuma kwa saa nzima. Inafuata saa ya Bukavu. Tulitaka kuisogeza, akakataa: "Muiache. Hiyo ni saa ya kwetu." Watoto wanasoma zote mbili: kwa babu saa mbili, hapa saa tatu.

Mwezi uliopita yule mama aliitwa tena. Karatasi ilisema 3:00. Binti yake wa miaka saba akachukua katoni, akaweka kidole, akavuka. "Mama, si asubuhi. Ni saa tisa, nikishatoka shule." Wakaenda wote wawili. Jina likaitwa, yupo.

Ninyi wa mashirika, tunawaomba kitu kidogo: mkiandika saa, ongezeni neno asubuhi au mchana, na mchore kiduara chenye mishale miwili. Dakika moja tu.

Na ninyi vijana wa kambi nyingine, katoni hazikosekani. Anayetaka kujifunza kutengeneza, aje Jumamosi saa nne asubuhi. Mshale mfupi kwenye kumi, mrefu juu kabisa.